Tambi za Mtaliani Hazikatwi

Kijiwe chetu pale Maili Moja ni benchi moja la mninga mbele ya duka la Mhindi, kando ya barabara ya Morogoro. Lina miguu mitatu, wa nne ni tofali. Wenyeji wake tuko wanne. Kuna Shomari, tunamwita Dele kwa sababu ya birika lake la kahawa. Huuza kahawa, lakini anayokunywa mwenyewe ni nyingi kuliko anayouza. Kuna Mwinyimadi, mwalimu wa chuo cha Kurani, mkubwa wetu kwa umri, na jina lake hapa ni Kitabu, maana kila anachosema kimeandikwa katika kitabu fulani ambacho hatujapata kukiona. Kuna Kondo, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Waingereza, jina lake Uhabeshi. Alipelekwa vitani huko mwaka arobaini na moja, na ukimsikiliza utadhani alikwenda peke yake. Ametuambia kwamba alimteka jenerali kwa uma wa mezani, na kwamba alisafiri siku nzima mgongoni mwa mbuni kwa sababu lori lilikuwa limeharibika. Wa nne ni mimi, Pazi, fundi cherehani. Mashine yangu iko pale barazani na ninafanya kazi, hata kama wenzangu watakwambia vingine.

Jumamosi hiyo, mwaka wa hamsini, yapata saa tatu asubuhi, alikuja Matano na baiskeli yake. Matano ni mpishi wa meneja wa shamba la mkonge, kama maili mbili kutoka kijiweni. Siku zote huchukua vitu vya bwana wake dukani, hutupungia mkono na kwenda zake, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, mtu wa heshima zake. Siku hiyo alitoka dukani na kifurushi, akaegemeza baiskeli ukutani, akamwamkia Mwinyimadi, akaketi. Tukajua kuna jambo.

SHOMARI: Bwana mpishi, leo umekumbuka maskini wenzio?

MATANO: Nipe kahawa, Dele. Ile chungu hasa.

SHOMARI: Kuna msiba?

MATANO: Bado. Labda saa saba. Bwana wangu anarudi kwao Ulaya, harudi tena. Shamba anachukua Mtaliani, na huyo Mtaliani anakuja leo kula chakula cha mchana. Memsabu kaniita jana. Anasema bwana mpya atachagua mwenyewe watumishi wa kubaki. Nimpikie chakula cha kwao, kisha kuku wa kuoka. Akifurahi, kazi ninayo. Asipofurahi, nifunge mizigo.

MIMI: Si umepika miaka kumi na minane? Unaogopa nini?

Matano akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na pakiti mbili za tambi, ndefu, zimenyooka, na kipande cha jibini kikubwa kama tofali la choo cha shule, kigumu, cha manjano, kinanuka.

MATANO: Hiki. Tambi na jibini. Memsabu anasema ni chakula cha haraka, dakika kumi kimekwisha, na kinatakiwa kiwe kizito na laini kama malai ya maziwa. Nikamuuliza, kinapikwaje, memsabu? Akaniambia, "Matano, wewe si mpishi?" Ningejibu nini? Pakiti moja ni ya wageni, nyingine ya akiba.

Nilimhurumia kweli. Ana watoto watano, na nyumba anayokaa ni ya shamba. Lakini kijiwe hakina desturi ya kuhurumia mtu kimyakimya.

MWINYIMADI: Tambi! Hilo ndilo linakunyima usingizi? Tambi ni chakula chetu. Zinakaangwa kwa samli mpaka ziwe nyekundu, zinatiwa tui, sukari, iliki na zabibu. Mke wangu anazipika kila Ramadhani. Imeandikwa kwamba Mtaliani alifundishwa tambi na Waarabu.

KONDO: Imeandikwa wapi, mwalimu?

MWINYIMADI: Kitabuni.

KONDO: Kitabu gani?

MWINYIMADI: Kikubwa.

MATANO: Na jibini, mwalimu? Linaingia wapi?

MWINYIMADI: Fikiri, mwanangu. Ulaya kuna minazi? Hakuna. Mtu asiye na nazi atafanya nini? Anagandisha maziwa mpaka yanakuwa jiwe, anajidanganya kwamba ndiyo nazi. Miaka yote Mtaliani anaila hiyo huku moyoni anatamani tui. Wewe mpe tui la kweli. Atalia. Atasema, kumbe ndiyo hii mababu zangu walikuwa wakiitafuta!

SHOMARI: Mimi nakataa. Jibini ni dawa. Hebu tazama urefu wa tambi hizi. Kitu kirefu hivi kikiingia tumboni kinafunga fundo. Jibini linateleza, linafungua. Na ndiyo maana Mtaliani alishindwa vita.

MIMI: Vita vimeingiaje hapa?

SHOMARI: Mtu anavuta tambi, upande mmoja uko mdomoni, upande mwingine uko sahanini. Adui anatokea. Afanyeje? Aache? Akimbie nayo? Basi anatekwa hivyohivyo, anavuta.

Hapo nikaona ni zamu yangu, maana kitu kirefu na chembamba ni kazi ya fundi cherehani. Nikasema kwamba ugomvi wote huu ni wa urefu tu, nikachukua mkasi wangu, nikashika tambi kadhaa ili nizikate vipande vya inchi moja moja. Kondo aliruka kutoka kwenye benchi. Benchi likaacha tofali lake, Shomari akaenda chini na kikombe.

KONDO: Weka mkasi! Tambi za Mtaliani hazikatwi! Ukikata mbele yake ni kama umemtukana mama yake!

MIMI: Umejuaje?

KONDO: Nimelinda kambi ya mateka wa Kitaliani miezi minane. Wanachemsha maji, wanatia chumvi, wanatia tambi nzima nzima. Zikiiva, wanamwaga maji, lakini si yote. Kikombe kimoja kinabaki. Sufuria inatoka motoni. Halafu jibini lililokunwa linaingia kidogo kidogo, na unakoroga haraka, mkono usisimame. Na pilipili manga iliyotwangwa. Basi. Hakuna samli, hakuna sukari, hakuna kitu. Yale maji na jibini vinakuwa kama malai.

Kisha tukacheka mpaka Mhindi akatoka kutazama.

SHOMARI: Maji ya tambi yanakuwa malai! Na yule mbuni alikuwa anakoroga?

MWINYIMADI: Kondo, mwanangu, muogope Mungu. Kazi ya mtu iko hatarini.

KONDO: Wallahi hii ni kweli.

SHOMARI: Na jenerali wa uma?

KONDO: Jenerali ni habari nyingine.

Matano akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyekwenda hospitali akakuta waganga wanne na kila mmoja ana chupa yake. Mwisho akasema ana pakiti ya akiba, na jikoni kwa memsabu hawezi kujaribu kitu, maana memsabu huingia kila dakika. Je, Dele angemkopesha jiko la mkaa? Dele akakubali. Sufuria ilitoka kwa Mhindi, mbuzi ya kukunia nazi tuliazima nyumba ya pili.

Tulianza na njia ya Mwinyimadi, kwa sababu ya umri. Nusu ya pakiti ya akiba ikakaangwa kwa samli, ikatiwa tui, ikatiwa sukari. Mpaka hapo palinukia Idi. Kisha Matano akatia kipande cha jibini. Sijui niseme nini. Harufu ilikuwa ya viatu vya askari vilivyosahauliwa ndani ya duka la halua. Tuliwamwagia kuku wa Mhindi. Wakaja mbio, wakasimama, wakarudi walikotoka.

MWINYIMADI: Nazi ilikuwa changa.

MATANO: Mwalimu, saa nne hii.

MWINYIMADI: Imeandikwa kwamba nazi changa huharibu.

Matano akaketi akashika kichwa. Nikasikia anahesabu majina ya watoto wake kwa sauti ya chini. Kondo hakubishana nasi tena. Alichukua maji ambayo Shomari alikuwa akiyachemsha kwa ajili ya kahawa, akamimina katika sufuria, akatia chumvi, akamwita Matano.

KONDO: Mimi sijui kupika, ndugu yangu. Hata chai naunguza. Lakini nitakwambia nilichokiona, wewe upike kwa mkono wako.

MATANO: Uliona kweli, Kondo? Niapie. Si habari ya mbuni.

KONDO: Palikuwa na mateka mmoja, mtu mzima, mvi tupu. Anapika ndani ya debe. Kila Jumapili ananipa sahani. Mimi nimeshika bunduki, yeye ni mfungwa, lakini anayetazama mkono wa mwenzake ni mimi. Posho yetu ilikuwa haifiki. Nilikuwa naona haya kula, naye anageuka upande ili nile. Hii sijapata kuwaambieni.

SHOMARI: Mbona hukutuambia siku zote hizi?

KONDO: Mngeisikiliza? Haina mbuni ndani.

Nilikwenda kukaa kwenye mbuzi nikalikuna lile jibini, maana mbuzi ya nazi haina budi mtu aikalie. Jibini lilikuwa gumu, lakini lilitoka jeupe na laini, linaangukia kwenye sinia kama nazi yenyewe. Mwinyimadi akasema, "Mnaona? Nazi!" Tukamwachia hilo.

Tambi zilizobaki katika pakiti ya akiba zikachemka. Kondo akasimama nyuma ya Matano kama sajini. Mwaga. Si yote! Acha kikombe. Toa motoni. Toa kabisa, ukiliacha jibini motoni linashikana kama gundi ya maseremala. Sasa tia kidogo. Koroga. Tia. Koroga, usisimame. Matano alikoroga kwa kijiko cha mti, jasho linamtoka, na mbele ya macho yetu yale maji machafu yaliyokuwa chini ya sufuria yakaanza kuwa mazito. Yakawa meupe. Yakazishika tambi, yakang'aa. Malai! Shomari akasema "Lo!" mara tatu. Matano akatwanga pilipili manga kwa chupa, akanyunyizia, akarudi nyuma.

MIMI: Haya, onja.

MATANO: Nani?

MIMI: Wewe. Si ndiye mpishi?

Matano akasema yeye haonji.

SHOMARI: Huonji leo?

MATANO: Sijapata kuonja hata siku moja. Miaka kumi na minane. Huku mafuta ya nguruwe, huku mvinyo katika mchuzi. Nikajiwekea sheria, napika kwa pua na kwa macho. Chumvi naijua kwa kuitazama. Nikimaliza nakwenda kwangu nakula ugali na kisamvu.

Nilishangaa sana. Sote tunajua kwamba wageni kutoka Morogoro walikuwa wakisifu mkono wa Matano. Kumbe yeye mwenyewe hakuwa akijua wanasifu nini.

MATANO: Mwalimu, humu kuna kitu?

Mwinyimadi akainama juu ya sufuria. Akauliza: unga wa ngano? Ndiyo. Maziwa? Ndiyo. Chumvi, pilipili, maji ya Dele? Ndiyo. Akasema hata kitabuni hakuna neno. Matano akasema bismillahi, akazungusha tambi tatu kwenye kijiko, akatia mdomoni. Akatafuna taratibu. Macho yakamjaa maji, akageuka upande wa barabara kama yule mzee wa kambini.

MATANO: Kumbe ndivyo wanavyokula.

KONDO: Kama debe lile. Sawasawa kabisa.

Tulikula sote, kwa mkono, kwa kijiko, kwa kifuniko cha dele. Sufuria ilipokwisha kila mtu akakumbuka mchango wake. Mimi nilikumbusha kwamba bila mkunaji hakuna jibini. Shomari akasema siri iko kwenye maji yake. Mwinyimadi akasema alikwisha dokeza mapema kwamba sukari haifai. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, nami nalisema waziwazi kwa sababu aliyeanza ni mimi. Nilisema: "Je, kama imetokea kwa bahati?"

MATANO: Bahati vipi?

MIMI: Umepika mara moja. Memsabu akisimama nyuma yako mkono ukatetemeka? Fundi hashoni suti ya harusi kabla ya kujaribu mara mbili.

SHOMARI: Maneno hayo. Afungue pakiti ya pili, apike kidogo tu.

KONDO: Kidogo haikorogeki. Mle kambini walikuwa wanapika debe zima.

MWINYIMADI: Apike nusu. Nusu ya pili inatosha wageni. Wazungu hawali sana.

Tukapika nusu. Ikatoka nzuri kuliko ya kwanza. Tulipoimaliza, Shomari akauliza kama nusu iliyobaki kweli itatosha wageni, au itamwaibisha Matano mezani. Mwinyimadi akasema chakula kidogo mbele ya mgeni ni aibu kubwa kuliko kukosa kabisa. Naapa hoja hiyo wakati ule ilisikika kuwa na akili. Hata Matano aliitikia, mdomo wake ukiwa umejaa, uso wake umekunjuka kama wa bwana harusi. Miaka kumi na minane ya njaa ilikuwa inamtoka siku moja. Tambi zote zikaingia sufuriani, na jibini lote.

Sote tulikuwa tumeinamia sufuria gari liliposimama.

Lilikuwa gari la shamba. Aliyeliendesha ni Wilbrod, dereva, mtu wa misheni ambaye hasemi uongo, na siku hiyo hakusema chochote. Nyuma akashuka Mzungu mfupi mwenye kofia ya majani na masharubu. Hakutazama duka. Aliinua pua, akaifuata mpaka kwetu. Akaona sinia lenye chembe za jibini. Akaona makaratasi mawili ya pakiti chini, yenye maandishi ya kwao. Akaona sufuria, nyeupe ndani, tupu.

Akauliza kwa Kiswahili cha kambini:

— Nani napika hii?

Robo saa kabla ungetuuliza hivyo tungepigana. Sasa Shomari alichungulia ndani ya dele. Mwinyimadi alitoa tasbihi. Mimi nilikumbuka kwamba nina mashine, nikaanza kushona kitambaa ambacho sikuwa nimekiweka. Matano alisimama na kijiko mkononi, mdomo wazi. Nilijua anachowaza. Akisema ni yeye, basi amekula chakula cha mgeni kabla mgeni hajafika, na watu wamekwenda jela kwa kuiba kuku mmoja. Akikana, amejikana mwenyewe, mpishi wa pekee Tanganyika nzima anayeweza kumpikia huyu mtu chakula cha kwao.

Ndipo Kondo akasimama, visigino pamoja, mkono kwenye paji la uso.

KONDO: Mimi, effendi! Nimepika mimi, nimekula mimi. Huyu bwana wa kanzu hana kosa, amepita njia tu.

Nilimpenda Kondo wakati ule. Alikuwa hana mke, hana kazi, hana nyumba ya shamba. Aliona kwamba kama kuna wa kufungwa, afungwe yeye. Mtaliani akamtazama. Akachuchumaa, akapitisha kidole ndani ya sufuria mpaka chini, akakilamba. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Mwinyimadi akaanza kusoma dua.

— Miaka tisa, akasema. Miaka tisa mimi iko nchi hii. Mateka, halafu kibarua, halafu fundi. Hapana mtu moja napika hii sawasawa.

Akasimama, akamkumbatia Kondo.

— Wewe mpishi yangu. Panda gari. Memsabu nasema leo iko kuku, wewe napika.

Rangi ilimtoka Kondo. Risasi za Uhabeshi hazijamfanya hivyo, kwa maelezo yake.

KONDO: Bwana, hapana. Mimi sijui kupika! Naapa! Mpishi ni huyu hapa, huyu Matano. Mimi nilisema uongo.

Mtaliani akacheka, akampiga begani.

— Mpishi mzuri siku zote nasema hivyo. Panda.

MATANO: Bwana, ni kweli, ni mimi...

— Wewe napita njia tu, akasema Mtaliani kwa upole, na akamfungulia Kondo mlango.

Wote tukaanza kusema kwa pamoja, na kadiri tulivyosema ndivyo Mtaliani alivyozidi kucheka. Katika miaka mitano ya kijiwe Kondo alikuwa ametupa uongo wa kila namna, na hatujapata kuamini hata mmoja. Huu ndio wa kwanza ulioaminiwa, na ulimfikisha kwenye kiti cha nyuma cha gari, amekaa wima kama mateka. Wilbrod akawasha. Matano alifika dirishani, akashika mlango kwa mikono miwili.

MATANO: Kondo. Umeniokoa au umenimaliza?

Kondo ana jibu la kila kitu, kuanzia mbuni hadi jenerali. Safari hii alitutazama sisi benchini tumsaidie. Shomari aliokota kikombe chake. Mwinyimadi alirudia kuhesabu tasbihi. Gari likaondoka na mikono ya Matano ikabaki hewani.

Alisimama pale barabarani kitambo, kanzu yake imejaa vumbi na jibini. Kisha akakimbilia baiskeli, akaipanda huku inakwenda, akalifuata lile vumbi kwa nguvu zake zote. Kuku alikuwa mezani jikoni tangu alfajiri, na alikuwa hajatiwa hata chumvi.